Likizo Kisiwani Mafia: Kalenda ya Upepo Hutangulia Kalenda ya Kazi

Kila mwaka inapokaribia miezi ya Juni na Desemba, shule zinapofungwa na watumishi wengi kuomba likizo, familia nyingi nchini huanza kuzungumzia mahali pa kupumzika. Mazungumzo hayo kwa kawaida huwa ya fedha na idadi ya siku. Kwa familia iliyochagua kwenda Kisiwa cha Mafia, lipo swali linalopaswa kutangulia hayo yote mawili: wakati huo utakuwa unavuma upepo gani?

Swali hilo si la wavuvi na manahodha peke yao. Ndilo linaloamua kama safari ya majini itakuwa ya saa chache zenye utulivu au ya mateso, kama msafiri ataonana na wanyama wa baharini aliowafuata, na kama atarudi kazini siku aliyomwahidi mwajiri wake. Makosa mengi katika kupanga safari ya Mafia huanza pale mtu anapolipia chumba kwanza, kisha akaanza kutafuta chombo cha kumfikisha kwa gharama na kwa hali yoyote ile.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, ingawa wapo wananchi ambao hadi leo hudhani kuwa ni sehemu ya Zanzibar. Kisiwa kikuu kina urefu wa takribani kilomita 50 na upana wa kilomita 15 hivi, nacho kimekaa mkabala na Delta ya Rufiji. Kandokando yake vipo visiwa vidogo vinavyokaliwa na watu, vikiwamo Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 66,000 katika wilaya nzima, na kwa wakazi hao bahari ndiyo barabara yao ya kila siku. Jina la kisiwa, ambalo huwachekesha wageni kutoka Ulaya, ni la kale na halina uhusiano wowote na magenge ya wahalifu wa Italia. Linatajwa katika tarikh za Kilwa, karne nyingi kabla ya magenge hayo kujulikana.

Mwambao wa Tanzania huongozwa na pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi. Huleta joto, na katika siku nyingi maji huwa maangavu na bahari yenye kustahimilika. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, hushika kasi kuanzia Mei au Juni na kuendelea hadi Septemba. Huleta ubaridi wa kupendeza nchi kavu, lakini baharini huamsha mawimbi. Kati ya pepo hizo mbili zipo mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, pamoja na vipindi vifupi vya bahari tulivu ambavyo watu wa mwambao huviita maleleji.

Kalenda hiyo ikiwekwa sambamba na kalenda ya shule, jambo moja hujitokeza waziwazi. Likizo ya Desemba huangukia mwanzo wa kaskazi, wakati ambao safari ya Mafia ni rahisi zaidi na vivutio vyake vingi vinaonekana. Likizo ya Juni huangukia katikati ya kusi. Hii haina maana kwamba Juni haifai. Ina maana kwamba familia inayosafiri Juni inapaswa kutenga siku zaidi na kujiandaa kwa uwezekano wa safari kuahirishwa. Na kama inao watoto wadogo au wazee wasiozoea bahari, ni vyema ikalinganisha nauli ya ndege na ya boti kabla ya kuamua.

Jambo la pili ni kuelewa lugha ya taarifa za hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 2 ya mwaka 2019, hutoa kila siku utabiri wa jumla pamoja na utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano zinazofuata. Taarifa hizo hutolewa kwa ngazi. Siku isiyo na tishio huandikwa kuwa hakuna tahadhari. Ngazi inayofuata ni angalizo, yenye rangi ya njano. Kisha tahadhari, yenye rangi ya chungwa. Na juu kabisa ni tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu. Kila moja huambatana na maelezo ya uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake.

Msafiri wa Mafia atakutana mara nyingi, hasa wakati wa kusi, na angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Kwa mtu aliyekaa mjini, maneno hayo husikika kama ya kawaida, kwa kuwa upepo wa kasi hiyo mtaani hupeperusha nguo zilizoanikwa na kuishia hapo. Baharini hali ni tofauti. Wimbi la mita 2 linampita mtu mzima kwa kimo, na linapokutana na boti ndogo iliyosheheni mizigo, usalama wa abiria hutegemea ukubwa wa chombo, uzima wa injini na busara ya nahodha. Ndiyo maana TMA inapotaja athari zinazoweza kujitokeza, huandika kuathirika kwa shughuli za uvuvi na usafirishaji baharini. Mwananchi anayesoma sentensi hiyo siku mbili kabla ya safari anapaswa kuichukulia kama taarifa juu ya safari yake mwenyewe.

Kipindi cha masika kinahitaji uangalifu wa aina yake. Vimbunga vya kitropiki ni nadra katika mwambao wa Tanzania, kwa sababu maeneo yaliyo karibu na ikweta hayapati kwa urahisi mzunguko wa hewa unaovijenga. Nadra, hata hivyo, si sawa na haiwezekani. Unguja ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1872, na Lindi mwezi Aprili 1952. Mwezi Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikaribia pwani ya nchi, na tarehe 4 ya mwezi huo kilifika eneo la Kisiwa cha Mafia kikiwa kinapungua nguvu. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa, na mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Taarifa za TMA zilitangulia kimbunga hicho kwa siku kadhaa, na aliyezifuatilia alikuwa na muda wa kutosha wa kubadili mipango yake. Ni kipindi hichohicho cha Aprili na Mei ambacho baadhi ya nyumba za wageni kisiwani hufunga au kupunguza huduma, hivyo bei nafuu inayotangazwa katika miezi hiyo ina sababu yake.

Zipo njia mbili za kufika Mafia. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, ambazo hutua katika Kiwanja cha Ndege cha Mafia mjini Kilindoni baada ya safari isiyozidi saa moja. Ndege hizi huweka kikomo cha uzito wa mizigo kilicho chini ya kile cha ndege kubwa, na begi laini hupokelewa kwa urahisi kuliko sanduku gumu. Ni vyema kuuliza kikomo hicho wakati wa kukata tiketi, si wakati wa kupima mizigo.

Njia ya pili, inayotumiwa na wananchi wengi, ni ya barabara na bahari. Msafiri hupanda basi kutoka Mbagala, Dar es Salaam, hufuata barabara kuu ya kusini hadi Bungu wilayani Kibiti, kisha huingia barabara inayoelekea bandari ya Nyamisati. Kutoka hapo huchukua chombo cha majini hadi Kilindoni. Kwa miaka mingi safari hiyo ilifanywa kwa boti za mbao zisizokuwa na hadhi ya kubeba abiria, na wakazi wa Mafia wanazo kumbukumbu chungu za safari za usiku katikati ya mawimbi. Kuboreshwa kwa bandari ya Nyamisati na kuanza kwa kivuko cha MV Kilindoni kumebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, boti ndogo zisizo rasmi hazijatoweka, na hapa ndipo mgeni mwenye haraka hujiingiza katika hatari asiyoijua.

Hali hujitokeza hivi. Msafiri amefika Nyamisati akiwa amechelewa, au safari ya chombo rasmi imeahirishwa kwa sababu ya upepo. Chumba amekwisha kulipia kule ng'ambo, watoto wamechoka, na anatokea mtu wa kumwambia kwamba upo mtumbwi wa injini utakaovuka muda si mrefu. Bei inaweza kuwa ndogo kuliko ya kivuko, na mtumbwi wenyewe unaweza kuwa umevuka mara nyingi bila tatizo. Lakini chombo hicho hakijakaguliwa, hakina orodha ya abiria, na hakuna ofisi yoyote itakayojua kwamba kimeondoka. Kikipata ajali, kutafutwa kwake kutaanza pale tu ndugu watakapoanza kuulizana.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2017, ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya usafiri majini kwa upande wa Tanzania Bara. Chombo kinachoruhusiwa kubeba abiria hupewa cheti baada ya ukaguzi, na cheti hicho hutaja idadi ya juu ya watu wanaoweza kubebwa. Abiria anayo haki ya kuuliza idadi hiyo na kuhesabu waliomo. Anayo haki pia ya kuonyeshwa jaketi okozi lake na namna ya kulivaa kabla chombo hakijang'oa nanga, na kwa mtoto ni lazima liwe la kimo chake. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara tu anapoingia majini.

Taifa limelipa gharama kubwa kwa kupuuza mambo hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria na kuua zaidi ya watu 220. Katika ajali zote mbili idadi kamili ya waliokuwamo haikujulikana mara moja. Kwa hiyo abiria anapoombwa jina lake kamili, kitambulisho na namba ya simu ya ndugu wakati wa kukata tiketi, asione kuwa anasumbuliwa, wala asitaje jina la utani ili kuokoa muda.

Jambo jingine la Nyamisati linalowashangaza wageni ni saa ya kuondoka. Bandari hiyo imo ndani ya mikoko ya delta, ambako kina cha maji hubadilika kutwa mara nne. Chombo husubiri maji. Ratiba ya wiki hii inaweza isifanane na ya wiki ijayo, na anayefika saa 4 asubuhi kwa sababu rafiki yake aliondoka saa hiyo mwezi uliopita anaweza kukuta chombo kimekwisha kwenda au kitaondoka jioni. Njia ya uhakika ni kupiga simu kwa mwenye chombo au mwenyeji wa kisiwani siku moja kabla, na kuweka katika bajeti fedha za kulala njiani usiku mmoja.

Kujaa na kupwa kwa maji huendelea kuongoza ratiba ya mgeni hata baada ya kufika. Ghuba ya Chole, iliyo mbele ya kijiji cha Utende, hukauka sehemu kubwa maji yanapokupwa, kiasi kwamba ufuo uliopendeza kwa kuogelea asubuhi huwa uwanja wa mchanga na mwani mchana. Watu wa mwambao hugawa mwezi katika siku za bamvua, zinazoandamana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana; na siku za maji mafu, ambapo tofauti huwa ndogo. Katika mwambao huu, siku za bamvua maji hupwa sana majira ya saa 4 asubuhi na kujaa majira ya saa 10 jioni, na kila siku inayofuata hali hiyo huchelewa kwa karibu saa nzima. Mgeni anayetamani kushinda kwenye mafungu ya mchanga kama Marimbani au Mange, ambayo huibuka maji yanapokupwa, atafanya vyema kupanga safari yake karibu na mwezi mpevu. Anayependa kuogelea mbele ya nyumba ya wageni asubuhi atafaidi zaidi siku za maji mafu. Hesabu hii haihitaji malipo yoyote, na mvuvi yeyote wa Utende anaweza kuifanya kwa vidole.

Kivutio kinachowapeleka wengi Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Pamoja na ukubwa wake, hana madhara kwa binadamu. Chakula chake ni viumbe wadogo sana wa baharini anaowachuja majini kwa kinywa kilichofunguka. Huonekana karibu na ufuo kuanzia Oktoba hadi Machi, hasa upande wa magharibi mbele ya Kilindoni, mahali ambapo vijiumbe hivyo hukusanyika. Watafiti wamegundua kwamba wengi wa papa hao ni wakazi wa eneo hilo. Hawaondoki kwenda mbali miezi ya kusi inapofika, ila huhamia maji ya kina ambako si rahisi kuwaona. Madoa meupe mgongoni mwao hutofautiana kwa kila mmoja kama alama za vidole, na kwa picha za madoa hayo mmoja mmoja hutambuliwa mwaka baada ya mwaka.

Jambo moja lisilofahamika sana ni kwamba eneo wanalokula papa hao kwa sehemu kubwa lipo nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari. Wavuvi wa dagaa hutega nyavu palepale, kwa kuwa dagaa nao hufuata chakula kilekile. Kwa hali hiyo, usalama wa papa potwe hutegemea mno mwenendo wa boti za watalii na uvumilivu wa wavuvi. Samaki huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Msafiri anapaswa kuchagua boti ambayo nahodha wake huzima au kupunguza injini mapema, hamzingiri samaki, na hushusha watu wachache kwa zamu. Kumgusa, kumpanda mgongoni au kumzibia njia ili kupata picha hakukubaliki, hata pale ambapo mwongozaji asiye makini anaruhusu. Na kwa kuwa gharama hulipwa kwa boti zaidi kuliko kwa kichwa, familia mbili zikiungana hupunguza malipo bila kupunguza chochote katika safari yenyewe.

Anayesafiri Juni hadi Septemba hatamwona papa potwe kwa urahisi, lakini hakosi cha kuona. Huo ndio msimu wa kuanguliwa kwa kasa wa kijani katika fukwe za upande wa mashariki, hasa Kisiwa cha Juani. Mayai hukaa mchangani kwa takribani miezi miwili, kisha watoto wa kasa hutoka kwa pamoja na kukimbilia maji. Wahifadhi wa kujitolea kutoka vijijini hulinda viota na kuwaarifu wageni kiota kinapokaribia kupasuka. Kuanzia Julai au Agosti nyangumi nao hupita kando ya mwambao. Kisiwani Chole wapo popo wakubwa walao matunda wanaoning'inia mitini mchana kutwa, na ufukweni hapo mafundi bado wanaunda vyombo vya mbao kwa mkono.

Kwa mpenda historia, Juani ina magofu ya mji wa Kua, wenye mabaki ya jumba la watawala, misikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mji huo ulivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, na tangu hapo haukurudi katika hali yake. Magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kigae kilichookotwa humo si ukumbusho wa kubeba nyumbani.

Sehemu ya kusini na mashariki ya Mafia imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Tofauti yake na hifadhi nyingi za nchi kavu ni kwamba watu wanaishi na kuvua ndani yake, kwa kufuata kanda: zipo sehemu zisizoruhusiwa uvuvi kabisa na zipo zinazoruhusiwa kwa zana maalumu. Katika baadhi ya vijiji vya Mafia wavuvi wenyewe hukubaliana kufunga miamba ya pweza kwa muda ili wakue. Mgeni anayeambiwa kuwa siku hiyo haiwezekani kuvua pweza mahali fulani anapaswa kufahamu kwamba amezuiwa na uamuzi wa kijiji, si na uvivu wa mwongozaji.

Anayeingia eneo la hifadhi hulipa kiingilio. Viwango hutofautiana kati ya raia na mgeni kutoka nje, hivyo ni muhimu kubeba kitambulisho cha Taifa ili kutozwa kiwango cha raia. Malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba kupitia mfumo wa Serikali wa malipo, kwa simu au benki, na msafiri hupewa stakabadhi. Ombi la kulipa fedha taslimu mkononi bila stakabadhi likataliwe, hata likiambatana na punguzo. Kuhusu viwango vyenyewe, vinavyotumika ni vile vilivyotangazwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Vinavyosambazwa katika mitandao ya kijamii mara nyingi ni vya zamani.

Mahitaji mengine ni ya kawaida na hayahitaji maelezo marefu. Huduma za benki na hospitali ya wilaya zipo Kilindoni. Visiwa vidogo havina huduma hizo, kwa hiyo fedha taslimu kidogo na dawa za mtu anayetumia dawa kila siku zibebwe za kutosha pamoja na siku mbili za ziada. Malaria ipo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na marufuku hiyo ina uzito wa pekee mahali ambapo kasa huweza kudhani mfuko unaoelea ni kiwavi cha baharini na kuumeza. Wakazi wengi wa Mafia ni Waislamu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, na anayepita kijijini avae kanga au vazi la heshima. Katika miaka hii mwezi wa Ramadhani unaangukia Februari na Machi, ndani ya msimu mzuri wa papa potwe, hivyo mgeni anayetegemea kula kwa mamalishe mchana anapaswa kujipanga mapema.

Magamba ya kasa, matumbawe na kombe kubwa visinunuliwe, hata kama muuzaji anadai viliokotwa vikiwa vimekufa. Kasa na nguva wanalindwa na sheria za uvuvi za nchi, na usafirishaji wa matumbawe na kombe bila kibali humweka mnunuzi katika kosa hilohilo la muuzaji. Mikeka na misala ya ukili iliyosukwa na akina mama wa visiwani ni mepesi kubeba, na fedha yake hubaki katika kaya iliyoisuka.

Limebaki suala la kurudi, ambalo wengi hulipanga mwisho na kwa haraka. Chombo kinachoondoka Kilindoni hufuata maji ya Nyamisati kama kile kilichokwenda, na saa yake huthibitishwa bandarini jioni ya siku iliyotangulia. Mtumishi anayetakiwa kuripoti kazini Jumatatu asubuhi asipange kuvuka Jumapili. Avuke Ijumaa au Jumamosi, na wakati wa kusi aongeze siku moja juu ya hiyo, akiwa amemweleza mwajiri wake kabla ya kuondoka kwamba siku hiyo ya akiba inaweza kutumika. Mwenye nyumba ya wageni naye aulizwe mapema atatoza kiasi gani endapo bahari itamzuia mgeni kuondoka, kwa kuwa baadhi yao hutoa nafuu kwa anayeuliza kabla.